Nani anapanga bei ya kijana? Historia fupi ya drafti ya besiboli



Wengi wetu neno « drafti » tulilisikia kwa njia ya basketi. Mwezi wa Juni 1991 mtoto wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, alichaguliwa wa nne na ekipe ya Denver. Baadaye tukamwona Bismack Biyombo wa Lubumbashi mwaka 2011, na Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, mwaka 2021. Wote wawili walichaguliwa wa saba. Siku kama ile watu wanafurahi, wanahesabu dola za mtoto wa wenyewe, halafu wanaenda kulala. Mimi niliyesoma historia nabaki na swali: ile feza ya kwanza anayopewa kijana, nani anaipanga? Na inapima nini hasa?

Kwa kujibu, naomba tuache basketi kando, tuingie kwenye besiboli ya Marekani. Najua, kwetu mchezo huo karibu hakuna anayeucheza. Mrushaji anatupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu zake zote, mpigaji anaupiga kwa gongo na kukimbia. Hiyo inatosha kwa leo. Nimechagua besiboli kwa sababu pale bei ya kijana ilibishaniwa waziwazi, nyumba kwa nyumba, mbele ya wazazi, kwa miaka mingi. Karatasi zipo, majina yapo, na feza zilizolipwa zinajulikana.

1. Wakati soko lilikuwa wazi

Mbele ya 1965 drafti haikuwepo. Kijana mwenye kipaji akimaliza sekondari, ma-ekipe yote yalikuwa huru kuja kwa wazazi wake na kutaja bei. Mtoto alikuwa kama shamba zuri kando ya barabara: muuzaji mmoja, wanunuzi wengi.

Wenye ma-ekipe hawakupenda hali ile, wakajaribu kujifunga wenyewe kwa sheria. Katika miaka ya 1950 sheria ilisema hivi: ekipe ikimpa kijana primu ya kusaini inayopita dola 4,000, inalazimika kumweka katika ekipe ya kwanza kwa miaka miwili, bila kumteremsha katika ligi ndogo ambako vijana wanajifunzia kazi. Maana yake, ukitoa feza nyingi utabaki na mtoto asiyeiva kwenye benchi, akiangalia wakubwa wakicheza.

Sandy Koufax, kijana wa Brooklyn, alipita mu mlango huo. Alisaini na Dodgers Desemba 1954 kwa primu ya dola 14,000. Mkono wake ulikuwa wa ajabu, lakini mpira ulienda unakotaka wenyewe. Katika miaka sita ya kwanza alipoteza michezo mingi kuliko aliyoshinda. Halafu akawa mmoja wa warushaji wakubwa kabisa wa historia, na mwaka 1972 akaingizwa katika Jumba la Umaarufu kule Cooperstown. Kwa maoni yangu, sheria ile haikumsaidia kitu: mahali pa kujifunzia palikuwepo, yeye akazuiwa kwenda.

Na bei haikushuka. Mwaka 1964 Angels walimlipa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Rick Reichardt, primu ya dola 205,000. Hata nyota wakubwa wa wakati ule mshahara wao wa mwaka ulikuwa karibu nusu ya hiyo. Reichardt alikuja kucheza miaka mingi, mchezaji mzuri tu, si nyota. Lakini jina lake liliwatia wenye ma-ekipe woga. Mwishoni mwa mwaka uleule wakapiga kura: kuanzia sasa, drafti.

2. Juni 1965: mnunuzi mmoja

Drafti ya kwanza ilifanyika New York mwezi wa Juni 1965. Kanuni yake ilikuwa rahisi. Ma-ekipe yalichagua kwa zamu, ile iliyoshindwa zaidi mwaka uliopita ikitangulia. Kijana akishachaguliwa, ekipe moja tu ndiyo ina haki ya kuzungumza naye. Hizo zingine zote zinafunga mdomo.

Maelezo yaliyotolewa yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa usawa: ekipe maskini nayo ipate watoto wazuri. La pili lilikuwa kuteremsha bei. Yote mawili yalikuwa ya kweli, ila la pili ndilo lilionekana upesi. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa Rick Monday wa Arizona State, na Athletics wa Kansas City wakamlipa karibu dola 100,000. Angalieni vizuri: huyu alitajwa namba moja wa nchi nzima, na alipata karibu nusu ya Reichardt wa mwaka mmoja mbele yake. Kipaji hakikupungua kwa nusu ndani ya miezi 12. Kilichopungua ni hesabu ya wanunuzi.

Hapo ndipo nasimamia katika andiko hili. Mtu anaweza kudhani feza ya kwanza ni hukumu ya wataalamu juu ya kijana. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi ni hesabu ya milango iliyo wazi mbele yake.

3. Macho ya mtafuta vipaji

Sitaki kusema wataalamu hawajui kitu. Kazi yao iko na ufundi. Mtafuta vipaji anazunguka na gari kutoka uwanja wa shule hadi uwanja wa shule, na saa ya kupimia mbio mkononi. Baadaye akaongeza na mashine ya kupima mwendo wa mpira. Mpigaji anamtazama katika mambo matano: kugusa mpira, nguvu, mbio, mkono wa kurusha, na kazi ya kuzuia uwanjani. Kila jambo analipa alama kati ya 20 na 80, na 50 ndiyo mchezaji wa kawaida wa ligi kubwa. Halafu kunabaki kile kisichopimika: moyo, akili, tabia, na vile mwili wa mtoto wa miaka 17 utakavyokuwa akifika 25.

Katika drafti ileile ya 1965, Cincinnati walimpata Johnny Bench katika raundi ya pili, wa 36. Mets walimpata Nolan Ryan, kijana mwembamba wa Alvin, Texas, katika raundi ya 12, wa 295. Wote wawili wako Cooperstown leo. Na mwaka uliofuata, 1966, Mets wakiwa na zamu ya kwanza walimchukua mdakaji wa sekondari ya California, Steve Chilcott. Bega lake likaharibika, hakufika ligi kubwa hata siku moja. Wa pili, Athletics wakamchukua Reggie Jackson, naye akaja kupiga mipira 563 ya kuvuka uwanja.

Juu ya nini Mets walimruka Jackson? Wao wamesema walihitaji mdakaji, basi. Jackson, ambaye ni Mweusi, ameeleza kwamba kocha wake wa chuo alimwambia sababu ilikuwa rafiki wake wa kike, ambaye hakuwa Mweusi. Mets wamekana. Siwezi kuwa hakimu kati yao. Ninachosema ni kwamba alama za 20 hadi 80 zinaandikwa na watu, na watu wanaingia uwanjani na kila kitu walichobeba kutoka nyumbani.

Mike Piazza naye alichaguliwa na Dodgers mwaka 1988 katika raundi ya 62, wa 1,390, kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa kocha Tommy Lasorda. Ilikuwa kama kumpa rafiki heshima. Mwaka 2016 Piazza akaingia Jumba la Umaarufu. Leo drafti ni raundi 20 tu. Raundi ya 62 haipo tena, na Piazza wa leo angebaki nje ya mlango.

4. Mlango wa shule

Kama ekipe ni moja tu, kijana anabaki na silaha gani? Kwa mtoto wa sekondari, silaha ni chuo kikuu. Anaweza kusema: bei yenu sitaki, naenda kusoma, tuonane miaka mitatu ijayo. Njo maana tangu zamani mtafuta vipaji haulizi tu « mtoto huyu anajua kucheza? » Anauliza pia « atasaini kwa ngapi? » Swali hilo la pili limebadilisha majina mengi.

Mwaka 1990 Atlanta walikuwa na zamu ya kwanza, na mrushaji aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Todd Van Poppel wa Texas. Kijana akatangaza: msinichague, naenda Chuo Kikuu cha Texas. Atlanta wakaogopa, wakamchukua Chipper Jones kwa dola 275,000. Van Poppel akaangukia namba 14 kwa Oakland, na kumbe chuo kiliweza kungoja: akasaini kontra ya dola 1,200,000. Mwishowe Van Poppel alipoteza michezo mingi kuliko aliyoshinda. Jones alicheza miaka 19 na ekipe ileile moja na kuingia Cooperstown mwaka 2018. Mwenye bei ndogo alikuwa mkubwa zaidi ya mara nne ya bei.

Mwaka uliofuata, 1991, mwezi uleule wa Mutombo, Yankees walimchagua wa kwanza Brien Taylor, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Beaufort, North Carolina. Familia haikuwa na mali. Baba alikuwa mwashi, mama yake, Bettie, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kusafisha kaa wa baharini. Yankees wakaanza na dola 300,000. Kwa nyumba ile zilikuwa feza nyingi kupita kiasi, na wengi wangepiga magoti. Mama Bettie akakataa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama Van Poppel, kijana mweupe wa namba 14, amelipwa zaidi ya milioni, mwanangu wa namba moja kwa nini apate robo? Akangoja Juni, Julai, karibu Agosti yote. Mtoto alikuwa amejiandikisha chuo, na masomo yalikuwa yanaanza kesho yake, ndipo Yankees wakakubali: dola 1,550,000. Hakuna kijana wa drafti aliyekuwa amepata primu kama ile.

Desemba 1993 Taylor aliingia katika ugomvi akimtetea ndugu yake, bega la kushoto likapasuka, na hakufika ligi kubwa kamwe. Kuna wanaosimulia habari hii kama fundisho: mnaona, tamaa ya mama! Mimi naisoma kinyume. Bega la mrushaji linaweza kuharibika siku yoyote, na hakuna mtu anayemlipa kwa miaka ambayo hakucheza. Kama Mama Bettie angekubali zile 300,000, bega lingepasuka vilevile, na familia ingebaki na chini ya robo. Yeye hakuweza kulinda bega. Bei aliweza kuilinda, na aliilinda.

Mwaka 1992 woga wa bei uliwarudia wengine. Houston walikuwa wa kwanza. Mtafuta vipaji wao wa Michigan, Hal Newhouser, ambaye mwenyewe alikuwa mrushaji mkubwa zamani, aliwasihi wamchukue kijana wa Kalamazoo, Derek Jeter. Ekipe iliogopa kwamba Jeter angetaka milioni moja au aende Chuo Kikuu cha Michigan. Wakamchukua Phil Nevin. Yankees wakampata Jeter katika zamu ya sita, naye akasaini chini ya milioni. Newhouser akaacha kazi. Miaka yote ya barabarani, macho yaliona sawasawa, na ofisi ikaamua kwa kuogopa namba ambayo hata haikutokea.

5. Mfuko mmoja kwa wote

Mwaka 2012 kanuni zikabadilika tena, na naona hapa ndipo hadithi inatugusa zaidi. Kila zamu ya raundi 10 za kwanza ilipewa bei yake, na jumla ya bei hizo ikawa mfuko wa ekipe. Ukipitisha mfuko unalipa kodi. Ukiupita kwa zaidi ya asilimia 5, unapoteza zamu yako ya kwanza ya mwaka ujao. Lakini ndani ya mfuko, ekipe inaweza kumpunguzia mmoja na kumwongezea mwingine.

Houston walielewa upesi. Bei ya zamu ya kwanza ilikuwa dola 7,200,000. Walimchukua kijana wa Puerto Rico, Carlos Correa, aliyekubali 4,800,000. Zile 2,400,000 zilizobaki zikawasaidia kumlipa mrushaji Lance McCullers Jr. dola 2,500,000, karibu mara mbili ya bei ya zamu yake ya 41, na Rio Ruiz wa raundi ya nne 1,850,000. Miaka mitano baadaye Correa na McCullers walikuwa ndani ya ekipe iliyochukua ubingwa wa 2017, ubingwa uliokuja kuchafuliwa na habari ya kuiba ishara za wapinzani. Kama ufundi wa kuchagua, ulikuwa kazi safi.

Lakini mfuko ukiwa mmoja, anayeongezewa analipwa na mwenzake. Na mara nyingi anayelipa ni mwanafunzi aliyemaliza miaka yote minne ya chuo. Huyu hana pa kurudi. Hawezi tena kusema « naenda kusoma », maana ameshasoma. Ekipe inamchagua katika raundi ya tisa au ya kumi, inampa dola 5,000 au 10,000, wakati mwingine 1,000 tu, na sehemu kubwa ya bei ya zamu yake inahamia kwa mtoto wa sekondari mwenye chuo mkononi. Ndugu zangu, nisomeeni hapo mara mbili: kumaliza masomo ndiko kunamfanya awe rahisi.

Mwaka 2014 mfuko ukaonyesha meno yake. Houston, wa kwanza tena, walikubaliana na mrushaji Brady Aiken dola 6,500,000. Vipimo vya hospitali vikaleta mashaka juu ya kiwiko, ekipe ikateremsha bei, Aiken akakataa, na siku ya mwisho ikapita Julai 18. Kanuni inasema asiposaini, bei ya zamu yake inatoka katika mfuko. Basi kijana mwingine kabisa, Jacob Nix wa raundi ya tano, aliyekuwa amekubaliana nao dola 1,500,000, akakosa kontra yake, kwa sababu feza iliyokuwa imlipe ilikuwa imeondoka pamoja na Aiken. Kiwiko chake Nix hakikuwa na shida. Lililomwangusha ni hesabu ya mfuko. Mwaka uliofuata kiwiko cha Aiken kilipasuliwa kweli, Cleveland wakamchukua wa 17. Nix alichaguliwa upya na San Diego na akafika ligi kubwa mwaka 2018. Houston nao walipewa zamu ya pili ya 2015 kama fidia, wakamchukua Alex Bregman. Mwenye kanuni alipata fidia yake mwaka uleule.

6. Sisi tunabaki na nini?

Mtaniambia: Bwana, hayo ni ya Wamarekani na mamilioni yao. Kweli. Lakini fikirieni mtu wa promosheni yetu, diploma mkononi, anayeitwa kwenye ofisi ya ONG moja mu Bukavu au Goma. Anapewa kontra ya miezi sita na mshahara unaoshinda kidogo tu bei ya nyumba. Anatia sinyature siku ileile, maana nyuma yake wako wengine hamsini. Akirudi nyumbani anajisemea: kumbe hii ndiyo thamani ya masomo yangu. Hapana. Ule mshahara umepima jambo moja, kwamba hakuwa na mlango mwingine. Yeye na yule wa raundi ya kumi ni ndugu.

Kwa hiyo shauri langu kwa mwenye kutafuta kazi si « jiamini », maneno hayo hayajazi sufuria. Ni kutafuta mlango wa pili mbele ya kuzungumza bei: kazi nyingine hata ndogo, biashara ya familia, masomo ya ziada yaliyo tayari, hata ndugu anayeweza kukuvumilia miezi miwili mingine. Albert Pujols, mzaliwa wa Dominikani aliyesomea Marekani, alichaguliwa wa 402 mwaka 1999, akapewa dola 10,000. Akakataa, akaenda kucheza kiangazi chote katika ligi ya wanafunzi kule Kansas, halafu akasaini kwa karibu 60,000. Mipira yake 703 ya kuvuka uwanja ilikuja baadaye. Mara sita ya bei ya kwanza ilitoka katika miezi miwili ya kuweza kungoja.

Na kwa wale kati yetu ambao leo wanakaa upande wa pili wa meza, wanaosoma ma-CV na kuandika mishahara, naomba wajiulize kila mara: huyu ni rahisi kwa sababu ni dhaifu, au kwa sababu hana pa kwenda? Ma-ekipe yenye watu na mashine zote za kupima yalichanganya mambo hayo mawili, na yalimkosa Jackson, yalimkosa Jeter, yalingoja hadi namba 402 kumwona Pujols. Ofisi yenye meza mbili na saa moja ya mahojiano inaweza kuyachanganya vyepesi zaidi.